Kulala loji porini: maswali ambayo wageni wa nyumbani hutuuliza kila wiki

Nimekaa mapokezi ya loji na kambi za mahema miaka mingi, kwanza Serengeti, baadaye Ruaha. Wageni wa kutoka ng'ambo hufika na majibu yote mkononi. Wakala wao kashawapangia mpaka saa ya kunywa chai. Mtanzania mwenzangu hupiga simu mwenyewe, huuliza bei, hunyamaza kidogo, kisha hushusha sauti: "Samahani dada, hivi huko na sisi tunaruhusiwa?" Yaliyo hapa chini ni hilo na mengine yanayolifuata.

Hivi na sisi tunaruhusiwa?

Mnaruhusiwa, tena kwa bei ya chini kuliko mgeni mwingine yeyote. Nadhani hofu hii inatokana na safari za shule: basi liliingia getini asubuhi, mkala mikate mkiwa ndani ya basi, na kabla ya saa 12 jioni mkawa mmeshatoka. Loji mliiona kwa mbali tu, imezungukwa na magari ya watalii, mkajua ni ya watu wengine. Sijawahi kufanya kazi mahali panapomkataa raia. Piga simu kama mtu anayenunua kitu, usipige kama mtu anayeomba msamaha.

Bei niliyoiona mtandaoni ni ya dola mia nne na kitu. Ndiyo hiyo hiyo?

Hapana. Loji nyingi zina bei tatu: ya mgeni wa nje, ya mgeni mkazi (anayeishi na kufanya kazi nchini kwa kibali), na ya raia wa Tanzania au Afrika Mashariki. Inayowekwa hadharani ni ile ya kwanza. Hiyo ya tatu mara nyingi haiandikwi popote, inabidi uiulize kwa jina lake: "Naomba bei ya raia." Ukiuliza "bei gani?" peke yake, anayepokea simu anaweza kukusomea iliyo mbele yake.

Uliza pia bei ni ya kichwa au ya chumba. Hapa watu hulia. Kwenye loji za hifadhini bei kwa kawaida ni ya mtu mmoja kwa usiku mmoja pamoja na milo mitatu, kwa hiyo ninyi wawili mzidishe kwa mbili. Halafu uliza kama ndani yake mna VAT na tozo ya kulala hifadhini, ambayo loji huikusanya kwa niaba ya mamlaka. Ukishajibiwa hayo yote, omba uandikiwe kwenye ujumbe. Na bei itajwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja na kudai fedha za kigeni kwa malipo ya ndani ya nchi.

Njoo na kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Kila mtu mzima na chake. Lafudhi nzuri ya Kiswahili getini haitambuliki kama ushahidi, hata kama jamaa wote pale wanakubali kwamba wewe ni wa Tanga.

Ada ya hifadhi nalipa kwenu?

Hapana, ni malipo mengine. Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, na Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe, NCAA. Raia analipa kwa shilingi, kiasi ambacho ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa nje. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi. Wa miaka 5 hadi 15 ana kiwango cha mtoto. Gari nalo lina ada yake.

Getini hawapokei noti. Unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au kadi, ndipo unaandikiwa kibali. Basi weka salio kwenye simu kabla ya kufika, kwa sababu mtandao wa baadhi ya mageti ni wa kubahatisha na wakala wa kukuwekea pesa yuko kilomita nyingi nyuma yako.

Kwa anayelala ndani kibali huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa 5 asubuhi na umelipia siku moja, kesho saa 5 uwe umeshatoka. Nimeona familia zikikimbizana na saa hiyo barabarani, vumbi limetanda, huku simba wakiwa wamelala pembeni na hakuna wa kuwaangalia. Afadhali uingie mchana ili na kesho yake asubuhi yote iwe ya kwako.

Nikipita Ngorongoro kwenda Serengeti, kwa nini nilipe mara mbili?

Kwa sababu barabara ya kutoka Karatu inakatisha ndani ya eneo la Ngorongoro kabla ya kufika Naabi, geti la Serengeti. Unapita, unalipia. Watu wa Mwanza, Musoma na Shinyanga hawana haja ya mzunguko huo: geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, jirani na Lamadi. Inanishangaza kila mara mtu wa Mwanza anapoenda mpaka Arusha kutafuta Serengeti wakati Serengeti iko nyuma ya nyumba yake.

Loji, kambi, banda: tofauti ni nini?

Loji ni jengo la kudumu, lenye vyumba, mgahawa, pengine na bwawa la kuogelea. Kambi ya mahema ni hema kubwa la turubai lenye kitanda kamili, choo na bafu nyuma. Usiifikirie kama hema la skauti. Mabanda na nyumba za wageni za TANAPA ni za bei ya chini kabisa, vyumba vya kawaida vyenye kitanda na chandarua, na jiko la kujipikia au mgahawa mdogo jirani. Yako Seronera katikati ya Serengeti, Msembe kule Ruaha, Mikumi na hifadhi nyingine kadhaa. Usiku wanyama wanaopita bandani ndio hao hao wanaopita kwenye loji ya mamilioni. Mfuko ukiwa mdogo, anzia huko na usione haya.

Nianze na hifadhi ipi?

Inategemea unatokea wapi na una siku ngapi.

Ukiwa Dar na una wikiendi moja, nenda Mikumi. Ni kama kilomita 280 kwa barabara ya lami, au panda treni ya SGR mpaka Morogoro kisha ukodi gari. Bonde la Mkata ni wazi, nyasi fupi, na tembo, twiga, nyati na pundamilia huonekana hata na mtu asiyejua kutafuta. Kasoro yake ni barabara kuu inayokatisha katikati. Usiku unasikia malori.

Nyerere, iliyokatwa kutoka pori la Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba zaidi ya 30,000, lakini mgeni hutembelea kipande cha kaskazini tu, kando ya Rufiji na maziwa yake. Utamu wake ni boti. Kumtazama kiboko ukiwa juu ya gari na kumtazama ukiwa usawa wa maji ni mambo mawili tofauti kabisa.

Serengeti ndiyo yenye jina, na jina hilo haikulipata bure. Seronera ina maji mwaka mzima, ndiyo maana simba na chui wako pale mwaka mzima. Mtafute chui kwenye miti ya mwegea kando ya mto. Tazama mkia unaoning'inia kabla ya kutafuta madoa. Ukitaka kifaru, nafasi kubwa ni ndani ya kreta ya Ngorongoro. Chini ya kreta hairuhusiwi kulala; loji ziko ukingoni juu, mita zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, na wageni wa Dar hushuka kwenye gari wakiwa wamevaa fulana wakadhani nimewatania kwenye simu.

Na Ruaha. Hapa naegemea, nakiri. Iko kilomita kama 130 kutoka Iringa mjini, nyingi zikiwa za vumbi, ndiyo maana magari ni machache. Mwezi wa Septemba mto umebaki vidimbwi na mchanga mweupe. Tembo jike anafika katikati ya mchanga mkavu, anasimama, anapapasa kwa ncha ya mkonga kama mtu anayetafuta funguo gizani, halafu anaanza kuchimba kwa mguu wa mbele. Anachota mchanga, anautupa, anachota tena. Maji ya kwanza machafu anayavuta na kuyamwaga pembeni. Anasubiri yajae upya, safi, ndipo anakunywa. Mtoto wake akijaribu kujipenyeza anasukumwa taratibu. Wakiondoka, wengine wanakuja kunywa kwenye shimo hilo: nyani, swala pala, kanga. Mgeni mmoja alikaa na shimo moja saa mbili nzima, akarudi akaniambia hajawahi kuona kitu kama hicho. Simba hakumwona, na hakumwulizia.

Nije mwezi gani?

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, nyasi zimelala na wanyama wamesogea kwenye maji, kwa hiyo kuona ni rahisi. Ndiyo pia miezi ya bei kubwa na vyumba kujaa. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, bei inashuka sana kaskazini, lakini udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna huruma na gari, na kambi nyingi za kusini hufungwa kabisa.

Wanaofuata nyumbu wakumbuke kwamba nyumbu hawana ofisi. Kundi la zaidi ya milioni moja linazunguka mwaka mzima likifuata mvua na majani. Kwa kawaida huzalia Ndutu na nyanda za kusini mwa Serengeti kati ya Januari na Machi, na huvuka mto Mara upande wa Kogatende, kaskazini kabisa, kati ya Julai na Oktoba. Ukiweka nafasi Seronera mwezi wa Agosti kwa ajili ya kuona nyumbu wakivuka mto, utalala mbali sana na mto.

Usiku mmoja hautoshi?

Mimi nauza vyumba, kwa hiyo una haki ya kutilia shaka jibu langu. Lakini hautoshi. Siku ya kwanza unafika umechoka, una vumbi mpaka kwenye nyusi, unakula, unalala. Kesho yake unaamka, unapakia. Ulichoona ni barabara. Kama pesa ni za usiku mmoja wa loji, chukua usiku mbili za banda.

Naweza kuja na gari langu?

Unaweza. Mikumi wakati wa kiangazi wengi huja na gari lao. Kwingine tafuta gari lililo juu na linalovuta magurudumu yote manne, tairi ya akiba nzima, jeki inayofanya kazi. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kutoka nje ya barabara hairuhusiwi hata kama simba yuko mita thelathini na wenzako wanakushangilia. Muziki wa nguvu na honi viache nyumbani, na mbwa pia. Saa 12 jioni geti linafungwa, na kutembea na gari usiku ndani ya hifadhi bila kibali maalumu ni kosa.

Lakini ukiweza kumudu dereva mwongozaji, mchukue, hata kwa siku moja. Ana redio ya upepo, na wenzake wana majina yao ya kupanga ya kila mnyama ili abiria wasijue kinachosemwa mpaka wafike. Halafu anasoma vitu usivyovisoma. Tumbili wanapiga kelele huku wote wakitazama upande mmoja. Wewe unasikia kelele, yeye anasikia chui.

Siku inakwendaje huko?

Mnagongewa saa 11 alfajiri, chai na biskuti, saa 12 mko njiani. Huo ndio muda wa wanyama. Kufika saa 4 au 5 jua limekuwa kali, simba wamelala, mnarudi kula. Mchana wote ni wa kulala, kuogelea au kukaa tu. Saa 10 jioni mnatoka tena mpaka jua linazama. Mgeni anayetaka kulala mpaka saa 3 halafu "azunguke kidogo" atarudi na picha za swala pala mia mbili, na atasema hifadhi haina wanyama.

Mnanihakikishia simba?

Hakuna anayeweza, na anayekuhakikishia muulize vizuri. Simba hupumzika mpaka saa 20 kwa siku, kwa hiyo hata ukimwona, uwezekano mkubwa ni kuona tumbo limegeuzwa juu. Kumsikia ni rahisi zaidi: ngurumo yake huenda mpaka kilomita 8 usiku ukiwa shwari.

Loji ina uzio? Wanyama hawaingii?

Nyingi hazina, na wanaingia. Hili ndilo swali linalowakosesha watu usingizi kabla hata hawajafika, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Giza likishaingia hutembei peke yako kati ya hema na mgahawa. Unawasha tochi mlangoni, au unapiga filimbi, au unapiga simu mapokezi, kila kambi ina utaratibu wake, na askari anakuja kukuchukua. Anatembea mbele, wewe nyuma, mdomo umefungwa. Akisimama, simama. Akikuambia rudi nyuma taratibu, usigeuke ukakimbia. Wageni wetu wa nyumbani ndio wanaonipa shida hapa, maana husema "mimi nimekulia kijijini, wanyama nawajua." Huyo anayemjua ni mbuzi. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi hapendi kushtuliwa, na kiboko aliyetoka majini kula majani hataki kuona mtu kati yake na mto.

Ndani ya hema upo salama mradi zipu imefungwa mpaka chini. Mnyama analiona hema kama kitu kigumu, kama jiwe. Hana sababu ya kuliingia asiponusa chakula. Kwa hiyo maembe, ndizi, karanga, hata dawa ya meno yenye harufu ya matunda ya mtoto, peleka jikoni zitunzwe. Tembo ananusa kupita unavyodhani.

Usiku wa kwanza utasikia vitu. Mlio kama wa mtu anayekata mbao kwa msumeno, unakwenda na kurudi: chui. Mtoto mchanga analia juu ya mti: komba. Kelele inayopanda, inakwaruza, mwisho inakuwa kama mtu anayekabwa, ni perere, kamnyama kadogo kama sungura kasiko na madhara yoyote. Kameshawafanya watu wazima wapige simu mapokezi saa 8 usiku. Na ukisikia kitu kama mvua ya mawe juu ya turubai, tulia. Ni tembo anatikisa mgunga, maganda ya mbegu zake yanaanguka. Atayaokota moja moja, utamsikia akitafuna, na tumbo lake litanguruma karibu na kichwa chako kama lori lililosimama bila kuzimwa. Usimulike tochi na usitoke kupiga picha. Kaa kitandani usikilize. Tukio hilo ndilo watu wengi hunisimulia wakati wa kuondoka.

Na nyani?

Nyani ni tatizo kuliko simba. Anafungua zipu. Anafungua mlango wa gari. Anajua mkoba unafananaje na mkoba wenye chakula unafananaje. Ukila mezani nje, usiache sahani hata kwa dakika moja. Usimpe kitu, hata kama mtoto anakusihi; nyani aliyezoea kupewa huanza kudai, na anayedai sana mwisho wake huwa ni risasi.

Chakula ni cha kizungu tupu?

Kwenye bafe utakuta supu za maboga na vitu vya krimu. Lakini wapishi wetu ni watoto wa Moshi, Singida, Lindi, na kila siku jikoni kwa wafanyakazi kunasongwa ugali. Mwambie mhudumu mchana kwamba jioni ungependa ugali na maharage au mchicha, na utaletewa. Mpishi atatoka mwenyewe kuja kuona ni nani. Kama unakula halali, au una kisukari, au mtoto ana mzio wa karanga, sema wakati wa kuweka nafasi. Duka la karibu liko mbali sana na kambi.

Umeme, maji moto, mtandao?

Kambi nyingi zinatumia sola, pengine na jenereta kwa saa chache. Simu na kamera mtachaji. Pasi, kikausha nywele na hita ya kuchovya kwenye ndoo msizichomeke. Chumba kimoja kikifanya hivyo mahema yote yanazimika, na nitajua ni chumba gani. Kwenye baadhi ya kambi maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni na kumiminwa kwenye tangi la juu ya bafu ukishasema uko tayari. Ni lita ishirini hivi. Lowana, funga, paka sabuni, fungua.

Waifai hupatikana sebuleni ikipatikana.

Nije na nguo gani?

Kahawia, kijani kilichopauka, rangi za vumbi. Sweta la kweli na soksi, hasa Juni hadi Agosti, maana gari la wazi saa 12 asubuhi ni baridi kali hata Mikumi. Nguo za mabaka ya jeshi ni marufuku nchini kwa raia, acha. Bluu na nyeusi acha pia: ndizo rangi zinazowavuta mbung'o. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi mnavyoviona vimening'inizwa mitini Tarangire na kwingineko si bendera, ni mitego yao. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usifungie viatu ndani yake.

Kanga mbili hazikosi kazi. Moja ya kujifunika vumbi, nyingine ikunje uiweke kwenye ukingo wa dirisha uegemeze simu au kamera. Picha zitatulia.

Mbung'o wanaleta malale?

Wanaweza, ingawa ni nadra kwa mgeni wa siku chache. Kinachosumbua zaidi ni kung'atwa kwenyewe, maana wanapenya soksi na dawa za kujipaka hawazijali sana. Pita maeneo yao vioo vikiwa juu. Malaria ndiyo ya kuogopa: lala ndani ya chandarua, jipake dawa jioni, na ukipata homa baada ya kurudi nyumbani kapime, umwambie daktari ulikuwa wapi.

Mtoto wa miaka mitatu aje?

Uliza kwanza, baadhi ya kambi zisizo na uzio hazipokei watoto wadogo. Loji kubwa huwapokea. Lakini fikiria saa sita ndani ya gari. Watoto wa miaka 7 na kuendelea ndio wanaofaidi, na mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mnyama kwa sababu hawatazami simu. Mama mjamzito aulize daktari wake. Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera ina mikunjo kama bati na inatikisa mpaka meno.

Nikibanwa njiani?

Mwambie dereva unataka kuchimba dawa. Hatacheka, ndiyo lugha ya kazi. Atatafuta mahali pa wazi, atazunguka na gari, ataangalia, kisha utashuka na kukaa nyuma ya gari, si nyuma ya kichaka. Kichaka kizuri kina mwenyewe. Karatasi rudi nayo.

Naweza kutembea kwa miguu?

Kwenye hifadhi zinazoruhusu, ndiyo, ukiwa na askari mwenye silaha na kibali cha kulipia. Mnatembea kwa mstari mmoja. Kwa kawaida watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Hutaona wanyama wengi. Utaona kinyesi, nyayo, na jinsi ulivyo mfupi.

Nimeona mwiba wa nungunungu mzuri. Nichukue?

Usichukue. Mwiba, unyoya, pembe, fupa, ganda la yai, hivyo vyote ni nyara za serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa la jinai. Getini begi linaweza kukaguliwa. Piga picha, uuache. Droni nayo usiirushe bila kibali.

Bakshishi ni lazima?

Si lazima. Wengi wanatoa. Sanduku la mapokezi hugawanwa na wote, pamoja na wale usiowaona: waosha vyombo, wachota maji, fundi wa jenereta. Dereva hupewa mkononi. Shilingi ni sawa kabisa, usiende kutafuta dola.

Niliacha kiatu nje ya hema, asubuhi hakipo. Mmechukua?

Hapana. Ni fisi. Anapenda ngozi iliyotoa jasho, na hata mpira haukatai. Mwaka wangu wa kwanza nilianika ndala mpya kizingitini, nikaamka na ya kulia tu. Ya kushoto askari aliiokota siku tatu baadaye kando ya korongo, imetafunwa kisigino. Bado ninayo, iko kwenye droo ya mapokezi. Wageni wakibisha, huwa naitoa.